Karatasi ya Kulinda Giza

Kabuyange, 2 Aprili 2023
Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu Telesphory,

Mwakeye, habari za huko Gungu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Stephania na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti langu limepoa tangu niache kupanda mlima kufuata kuni; Gideon wangu ananiletea, na akileta huzipanga kwa urefu kama askari wa gwaride. Mihogo ya bondeni imeoza nusu kwa mvua. Ziwa limepanda tena, limefika kwenye kizingiti cha lile banda letu la dagaa. Shemeji yako Kalisti ametimiza miaka miwili kaburini. Gideon amelipaka kaburi chokaa, na chokaa iliyobaki akapaka mlango wa choo. Nilimgombeza huku nacheka.

Umeniuliza kwa nini sipigi simu. Hapa simu inashika ukipanda mwambani, na ikishashika unapiga kelele mpaka wavuvi wa mwalo mzima wanajua mambo yako. Verediana anakuja Kibirizi Jumanne na dagaa zake. Atakupa barua hii mkononi.

Tangu mlipoondoka siku ile ya mkutano, wewe na watu wa kampuni yako, watu hawana mazungumzo mengine. Yule kijana aliyenyoosha mashine juu akasema anapima giza amekuwa kichekesho cha watoto. Wanazunguka na makopo, wanayaelekeza mbinguni, wanasema, "Bado debe mbili!" Shadia naye kasema, "Giza likiwa mali, basi mimi ni tajiri. Kwangu lipo tangu niolewe."

Mzee Eliakimu ndiye mwenye furaha kuliko wote. Anasema, "Wengine walikuja kutuambia tupumzishe ziwa, tusivue. Hawa wamekuja kutulindia giza. Mtu anayekulindia giza anakulindia chakula." Ndiyo maana alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba kwenye karatasi yenu, na mwalo mzima ukamfuata.

Wewe umezaliwa hapa, huhitaji kuambiwa kwamba kwetu giza ni kazi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, tunashona nyavu na kulala. Mwezi ukiisha ndipo mitumbwi inatoka na taa zake, na watoto wanakula. Lakini juzi niliamka nikaanza kufikiri. Mgeni anayelipa kuja kutazama nyota anataka giza lisilo na taa hata moja. Sisi tunataka giza ili tuwashe taa. Je, giza lao na giza letu ni moja? Karatasi inasema "kulinda giza la mwalo". Inalinda lipi?

Nijibu hilo tu. Mengine yote mazuri.

Gideon anakusalimu. Anasema mjomba amekuwa mtu mkubwa sasa, anatembea na wenye mashine.

Dada yako,
Skolastika


Gungu, 30 Aprili 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako, na dagaa nimezipokea. Stephania amezipika na mawese, Happiness akala mpaka akalala kwenye kiti. Amefaulu mtihani wa majaribio, isipokuwa hesabu. Amerithi kwangu. Stephania ana maagizo ya kushona sare za kwaya mbili, anashona mpaka vidole vinamvimba.

Dada, unajua nimekaa miaka mitatu bila kazi tangu ghala lilipofungwa. Unajua nilivyokuwa ninazunguka bandarini kila asubuhi nimevaa shati lilelile la pasi, ili watoto wadhani nina mahali pa kwenda. Sasa nina kazi, tena kazi ya kwetu. Mradi huu una mikono miwili. Mkono wa kwanza ni mahema ya wageni wa nyota hapo Kabuyange. Mkono wa pili ni kiwanda cha kurejeleza plastiki hapa mjini, na boti itakayopita mialo yote kukusanya machupa na nyavu mbovu. Mkubwa wetu husema mgeni hawezi kutazama mbingu akiwa amekalia chupa. Ni mradi mmoja, karatasi moja. Mwambie Shadia ninamletea viroba sitini vitupu. Akusanye na wanawake wenzake, boti itanunua.

Nilimkumbuka Gideon juzi umeme ulipokatika. Unakumbuka alipokuja kwetu mara ya kwanza, akiwa na miaka sita? Alikataa tuzime balbu. Si kwa woga. Alisema anataka kuona kama itachoka.

Kuhusu neno la giza, usisumbuke. Ni mambo ya maneno tu. Yatawekwa sawa wakati wa utekelezaji.

Mdogo wako,
Telesphory


Kabuyange, 25 Juni 2023

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu. Mwambie Happiness ahesabu kwa maharage, ndivyo nilivyokufundisha wewe, ingawa uliyala. Sisi wazima. Kiangazi kimeshika, kikohozi cha vumbi kinatuzungukia nyumba kwa nyumba.

Nianze na zuri. Viroba vilifika. Shadia na wenzake wamejaza arobaini, na boti imepita mara mbili. Ufuko umekuwa safi mpaka kunguru wanalalamika. Shadia amemnunulia mwanawe viatu vya shule na kila asubuhi anampitisha mbele ya nyumba yangu tuvione. Kwa hilo kampuni yako nimeipigia vigelegele.

Sasa lingine. Wageni walikuja giza lililopita, mwezi ulipoisha, wakakaa siku tisa. Siku moja kabla yao, walinzi wa mahema waliiteremsha taa ya Kalisti. Unaijua, ile aliyoifunga juu ya mlingoti pale mwaloni baada ya mtumbwi wa kina Selestini kugonga ile miamba ya Mapacha. Tangu iwekwe, kila nahodha anailenga, anapita katikati ya miamba miwili, anafika. Nilipouliza, mlinzi akanijibu kwa adabu, "Mama, imeandikwa."

Tena wakasema mtumbwi wowote usiwashe taa upande huu wa rasi wageni wakiwapo. Anayetaka kuvua akavue mbali, na akirudi azime taa zake pale rasini. Mzee Eliakimu alikwenda na nakala yake ya karatasi. Nilikuwepo.

"Sisi tuliweka dole tulinde giza!" akasema.

"Ndiyo, mzee," mlinzi akasema. "Na sisi ndilo tunalolilinda."

Mzee alimtazama, akaitazama karatasi, akaikunja.

Vijana walitaka kwenda kuyang'oa mahema. Aliyewatuliza ni Gideon. Mtumbwini mwao yeye ndiye mtu wa taa, ndiye anayewasha na kuzima, kwa hiyo wanamsikiliza. Aliwaambia, "Mjomba wangu hawezi kutuuza. Labda hajui wanavyofanya hapa. Akijua atakuja."

Sasa umejua. Njoo, Telesphory, kabla ya giza la Agosti, kwa sababu Agosti kuna upepo. Simama mbele ya watu useme neno lile linasema nini. Ukisema wewe, watakusikia. Sikuombi kitu kingine.

Dada yako,
Skolastika


Gungu, 19 Julai 2023

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma. Sisi wazima. Naandika kwa haraka, unisamehe.

Tarehe kumi Agosti kuna kongamano la wawekezaji hapa mjini. Watakuja watu wa mikoa ya jirani na wa nchi za ng'ambo ya ziwa. Wanatafuta mahali pa kuweka fedha, na sisi tutaonyesha utalii wa nyota na urejelezaji pamoja. Tuna picha moja kubwa ya mbingu ya Kabuyange iliyopigwa na mgeni mwezi uliopita. Dada, mimi nilikulia chini ya mbingu hiyo na sikuwahi kuiona hivyo. Ni kama mtu amemwaga unga wa muhogo kwenye kitambaa cheusi. Picha zilizopigwa kabla, zenye taa ya shemeji, hazikufaa. Kulikuwa na kidoa cha njano pembeni, mpiga picha akazitupa.

Nikija sasa na kusema maneno mbele ya mkutano, mambo yataharibika kabla hayajasimama. Nivumilieni giza hili la Agosti tu. Baada ya kongamano nitakuja mwenyewe, nitaongea nao polepole, hata taa itapatiwa utaratibu.

Mwambie Gideon awasihi wenzake wafuate karatasi. Mwambie mjomba wake anamtegemea.

Telesphory


Kabuyange, 27 Agosti 2023

Telesphory,

Sisi huku wazima. Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara mkono unaandika wazima kwa mazoea. Nimeliacha neno hilo.

Alfajiri ya Jumanne tarehe 15 upepo wa kusini uliamka ghafla. Kina Gideon walikuwa wanne, wamevua mbali ng'ambo ya rasi kama walivyoelekezwa. Wakakata shauri kurudi. Wageni walikuwepo. Walipofika rasini walizima taa. Huku mwaloni mlingoti ulikuwa mtupu. Mtumbwi uligonga Pacha la kushoto. Watatu walifika kwa kuogelea. Gideon alipatikana jioni kwenye matete ya mtoni.

Nilimwosha uso mwenyewe. Alikuwa na mchanga sikioni, nikautoa kwa ncha ya kanga, kama alipokuwa mdogo. Alikuwa haupendi mchanga sikioni.

Verediana alipanda mwambani akakupigia. Akarudi akasema, "Anakuja." Tulimzika Jumatano karibu na baba yake. Katekista alitaka tuzike saa saba. Nilimwomba angoje, kwa sababu boti ya Kibirizi huingia saa tisa. Boti iliingia. Alishuka mama mmoja na kuku wake. Tukangoja hadi saa kumi, labda ulikuwa umepanda nyingine.

Bariki, aliyekuwa naye mtumbwini, amenieleza walichosemezana kabla ya kugonga. Sitakiandika.

Sina ninachokuomba.

Skolastika


Gungu, 8 Oktoba 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Huenda hutaki kuuona mwandiko wangu. Stephania alinunua karatasi hizi mwezi uliopita, akaziweka mezani. Leo nimekaa.

Siku ile ya maziko nilifika Kibirizi saa nne asubuhi. Nilikuwa na mchele, na kitenge cheusi chako. Nikapanda, nikakaa. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa huko kwetu, hakunijua. Alikuwa akiwaeleza wenzake: "Wamezima taa ya mwalo kwa ajili ya wageni, na aliyewaandikia karatasi ni mjomba wa marehemu." Nahodha akapiga kelele, "Tunaondoka, tunaondoka!" Nikateremka. Nilimwambia Stephania kwamba boti ilikuwa imejaa. Haikuwa imejaa, dada. Nilisimama majini na viatu nikaiangalia mpaka ikapita kona.

Kuna jingine, nalo ni baya zaidi. Uliniuliza mwezi wa nne karatasi inalinda giza lipi, nikakujibu kwamba ni mambo ya maneno. Maneno yale niliyaandika mimi. Kampuni ilinipa nakala yao niiweke katika Kiswahili cha watu wa mwaloni. Mwanzo niliandika "kuzima taa zote". Nikaisoma, nikajua hamtakubali. Nikafuta, nikaandika "kulinda giza". Nilijiambia kwamba si uongo. Siku ya mkutano Mzee Eliakimu alipopaza sauti, "Giza lilindwe!" na watu wote wakapiga makofi, mkubwa wetu aliniinamia akaniuliza, "Mbona wamefurahi hivyo?" Nikamwambia, "Wanaupenda mradi." Nilijua wanachokipenda. Nimekulia kwenye nyavu hizo.

Kongamano lilikwenda vizuri. Watu walisimama kuitazama ile picha, wengine walinishika mkono kana kwamba mbingu ile niliitengeneza mimi. Gideon alikuwa hai bado siku hiyo. Kila siku narudi kwenye tarehe hiyo.

Nimemwambia mkubwa wangu kwamba nitakwenda kuisoma karatasi upya mbele ya watu, kwa maneno yale ya kwanza. Akaniambia watu wakikataa, mahema yataondoka, na boti ya machupa itaondoka pia, kwa sababu ni mradi mmoja. Nami nitaondoka. Nimemwambia sawa. Stephania analia, lakini amenipigia pasi shati.

Ninataka kuja Jumamosi tarehe 4 Novemba. Ukisema nisifike kwako, sitafika. Nitasimama mwaloni, niseme, nirudi.

Na ninakuomba uniambie, hata kama si sasa: Gideon alisema nini?

Mdogo wako,
Telesphory


Kabuyange, 26 Novemba 2023

Mdogo wangu Telesphory,

Natumaini ulifika salama na kwamba Stephania hajambo. Mvua imeanza. Goti limerudia uchungu wake. Kuni naletewa na Bariki, anazitupa tu mlangoni, na mimi nazipanga.

Ulikuja, na sikukupa mkono. Nilikuwa nimesimama nyuma ya chanja za dagaa, nadhani uliniona. Nilikusikia ukisoma. Ulisoma pole pole, "kuzima taa zote", mara mbili, ukasema, "Hivi ndivyo ilivyokuwa, na mimi ndiye niliyebadilisha." Nilidhani watakupiga. Halafu Mzee Eliakimu akasema yale maneno yake: "Ungetusomea hivi siku ile, tungekufukuza, halafu jioni tungekuita ule. Leo hatuna hata nguvu ya kukufukuza." Wewe uliinama. Mimi nilitaka kuja, nikabaki pale nyuma ya chanja.

Unajua waliyoyaamua. Nikueleze yaliyofuata baada ya wewe kupanda boti. Mahema yaling'olewa wiki iliyofuata. Taa imerudi juu ya mlingoti, na giza hili la Novemba mitumbwi ilivua hapa hapa karibu, ikarudi yote. Lakini boti ya machupa haikuja tena. Shadia ana viroba hamsini, vimelundikana pale ufukweni. Siku ya mkutano aliuliza, "Na machupa yangu?" na hakujibiwa na mtu, wala wewe. Sasa viroba vinapasuka na mvua inayarudisha machupa ziwani, moja moja. Shadia akinipita hanisalimii. Kazi ile ilikuwa nzuri kweli, na ilikufa kwa sababu ilifungwa pamoja na uongo. Ukisikia kuna mtu mwingine huko mjini anayenunua machupa, hata kidogo, mtume aje huku kwake. Hilo utamfanyia Shadia, si mimi.

Uliniuliza Gideon alisema nini. Nilikusudia nife nalo. Lakini wewe ulisema lako mbele ya watu wote, na mimi langu nimelificha.

Walipozima taa pale rasini, mawimbi yalikuwa yameshapanda. Bariki akamwambia, "Washa, Gideon, tunakwenda kugonga." Gideon akasema, "Tumeshaingia upande wa wageni. Mjomba ananitegemea." Bariki akamtukana. Wimbi lingine likaja, na hapo Gideon akawasha. Bariki anasema taa ilipowaka waliuona mwamba karibu kama ukuta wa chumba.

Sikuandika maneno hayo mwezi wa nane kwa sababu nilitaka uumie bila kujua unapoumia. Na kuna sababu nyingine. Maneno hayo yalikuwa ya barua yako, lakini Gideon hakuisoma. Niliisoma mimi. Alikuwa amekaa kizingitini anakula muhogo wa kuchoma, nikaikunja barua nikamwambia, "Mjomba wako anakutegemea." Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshaona kwamba hujanijibu swali langu, nilikuwa nimeshajua kuna jambo unanificha. Lakini nilimfikishia, tena kwa sauti ya furaha, kwa sababu alipenda kusikia habari zako. Aliacha kutafuna akacheka. Akasema, "Basi hataniaibisha na mimi sitamwaibisha."

Kwa hiyo usidhani umeubeba mzigo huu peke yako, huku mimi nimekaa nakuhukumu. Usiku ninakuwa na hasira na wewe, halafu ninakumbuka kwamba mdomo uliomwambia ni wangu.

Usije Noeli. Stephania na watoto wakitaka kuja waje, Happiness nitampikia. Wewe bado. Siwezi bado kukuona umekaa mahali alipokuwa anakaa. Sijui ni lini nitaweza, usinihesabie miezi. Lakini andika. Barua naiweza. Uniandikie vitu vidogo vya Gideon ambavyo mimi sivijui, vya siku alizokaa kwenu, alikula nini, alimchekesha nani, alisema nini alipoona treni. Mimi vya kwangu nimeshavizunguka vyote, nahitaji vingine.

Na unaposali, ukishamtaja yeye, unikumbuke na mimi.

Dada yako,
Skolastika